Mfongo Uliojaa Maji Yasiyotembea

Picha ya mfongo haisemi yote. Katika vihamba vya Machame, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, kama ilivyo kwingine kwenye miteremko ya Kilimanjaro, maji ya mto hukingwa juu huko karibu na msitu, yakashushwa kwa mfereji wa udongo hadi kwenye migomba na mibuni ya chini. Piga picha ya mfongo huo asubuhi ukiwa umejaa mpaka ukingoni, kisha mwoneshe mtu asiyekuwapo. Hawezi kukuambia kama maji yanashuka au yamesimama kwa sababu gogo limeziba mahali fulani mbele, maana hali zote mbili hutoa picha ileile. Ili ajue, lazima aje mwenyewe, atupe jani majini, alitazame linakwenda wapi. Kwa muda mrefu elimu ya mishipa ya fahamu ilijengwa juu ya picha za namna hiyo: vipande vya neva vilivyokatwa vyembamba, vikatiwa rangi, vikachunguzwa baada ya mwenye neva kufa. Picha hizo zilifundisha mengi, nasi bado tunazihitaji. Lakini kuna swali ambalo hazikuweza kulijibu hata zingekuwa kali namna gani, nalo ni kama vilivyomo ndani ya neva vinatembea. Ninachokitetea hapa ni kwamba kuzitazama seli za neva zikiwa hai, na kufuata kwa hadubini mwendo wa vitu vilivyomo ndani yake, ni kazi inayowahusu wazee wa Machame moja kwa moja, kwa sababu imebadilisha maana ya neno ugonjwa katika magonjwa yanayowapata.

Machame iko katika Wilaya ya Hai, na Hai ni moja ya sehemu chache za vijijini barani Afrika ambako ugonjwa wa Parkinson umetafutwa nyumba kwa nyumba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Catherine Dotchin, Richard Walker, Oliver Msuya na wenzao waliwafikia wakazi wapatao 161,000 wa wilaya hiyo. Walipata wagonjwa 33, sawa na 20 katika kila watu 100,000, na ni kiasi cha mmoja tu kati ya watano ambaye alikuwa amekwisha kuambiwa jina la ugonjwa wake. Mwaka 2011 Gerry Mshana na wenzake walichapisha mazungumzo yao na wagonjwa, ndugu zao na waganga wa huko. Wengi waliuita ugonjwa wa kutetemeka tu. Wapo waliouhesabu kuwa ni uzee, na wapo walioushuku kuwa umetumwa. Hakuna sababu ya kuwadharau waliosema hivyo. Mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, hatua zilizofupika, uso usioonesha tena furaha wala hasira, sauti iliyofifia: mambo haya huja polepole, humjia mzee, na hayana jeraha la kuoneshwa. Lakini maelezo yote mawili yana upungufu mmoja, nao ni kwamba hayasemi ndani ya mwili ni kitu gani kinachokwama.

Ili kukiona kinachokwama, tuanze na umbo la seli yenyewe. Seli ya neva inayoamuru kidole cha mguu kikunjwe ina mwili wake ndani ya uti wa mgongo, na kutoka hapo hunyoosha uzi mmoja mwembamba, aksoni, hadi mguuni. Kwa mtu mzima uzi huo hukaribia mita moja, ilhali mwili wa seli ni kama sehemu ya ishirini ya milimita. Tukuze vipimo hivyo mpaka mwili wa seli uwe nyumba ya mita 5: aksoni itakuwa mfereji wa upana wa mita moja tu, lakini wenye urefu wa kilomita 100, zaidi ya kutoka Moshi hadi Arusha. Protini nyingi za seli hutengenezwa katika nyumba hiyo moja, na zinahitajika mwisho wa mfereji. Mitokondria, zile oganeli zinazoipatia seli nguvu, zinahitajika njia nzima. Vilivyochakaa navyo havina budi kurudishwa nyumbani vikavunjwevunjwe na oganeli nyingine ziitwazo laisosomu.

Hapa mfano wa mfongo unafika mwisho wa uwezo wake, na ni vizuri kusema hivyo wazi. Maji hushushwa na mteremko bila kulipwa, lakini ndani ya aksoni hakuna mteremko. Kila mzigo hubebwa, na kila hatua hulipiwa. Zipo nyuzi ngumu zenye uwazi katikati, mikrotubuli, zilizotandazwa kama njia, na juu yake hutembea protini zenye kazi ya upagazi. Kinesini hubeba mizigo kuelekea mwisho wa aksoni, kwa hatua za nanomita 8, yaani sehemu 8 za milioni ya milimita, ikiteketeza chembe moja ya nishati kwa kila hatua. Dainini hurudi na mizigo kuelekea mwili wa seli. Anayewajua wagumu, yaani wapagazi wa njia ya Machame, wanaopanda mlima na mahema na vyakula vya wageni na kushuka na takataka za kambi, ana picha iliyo karibu na ukweli kuliko ya maji. Mizigo ya haraka kuliko yote huweza kwenda milimita 400 kwa siku. Kwa mwendo huo safari ya mita moja ni siku mbili na nusu. Iko pia mizigo ya polepole, inayosogea milimita moja au zaidi kidogo kwa siku, ambayo njia hiyohiyo inaweza kuichukua miaka.

Kwamba neva ni barabara si jambo lililongoja hadubini lijulikane. Anayeumwa na mbwa mwenye kichaa mguuni kwa kawaida huchelewa kuugua kuliko aliyeumwa usoni. Virusi huingia kwenye neva za mahali palipong'atwa, vikabebwa kurudi nyuma hadi kwenye ubongo, na njia ya kutoka mguuni ni ndefu. Chanjo inayotolewa mapema baada ya kuumwa huokoa kwa sababu hiyo: humtangulia msafiri ambaye bado yuko njiani. Sumu ya pepopunda nayo hupanda kwa njia hiyohiyo kutoka kwenye kidonda. Upo na ushahidi wa upande wa pili, wa barabara inapoharibiwa. Vinkristini ni dawa ya saratani, iliyotolewa kwanza katika ua dogo la rangi ya waridi la Madagaska ambalo siku hizi hupandwa bustanini kwingi. Huzuia seli za saratani zisigawanyike kwa kuvuruga mikrotubuli zao. Lakini mikrotubuli ndizo njia za neva pia, na wagonjwa wanaoitumia hupata ganzi na udhaifu unaoanzia, mara nyingi, kwenye vidole vya miguu na mikono, mahali ambapo aksoni ni ndefu kuliko zote. Kihamba kilicho mwisho wa mfongo ndicho hukauka kwanza.

Waliotangulia walijaribu kuupima mwendo huu bila kuuona. Mwaka 1948 Paul Weiss na Helen Hiscoe walizibana neva za wanyama, wakakuta zimevimba upande ulio karibu na mwili wa seli, kama maji yanavyopanda nyuma ya kizuizi. Wakahitimisha kwamba kuna kitu kinachosukumwa daima kuelekea mwisho. Baadaye wengine walitumia chembe zenye mionzi kupima kasi. Lakini macho yalifunguka hasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Robert Allen alipounganisha hadubini na kamera ya video na kuikuza tofauti ya mwanga na giza kwa mitambo ya umeme. Yeye na wenzake walitazama aksoni kubwa ya ngisi, yenye unene unaoweza kufika milimita moja, wakaona vitu vidogo visivyohesabika vikipita huku na huku bila kupumzika. Mwaka 1985, katika kituo cha utafiti cha Woods Hole nchini Marekani, Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz wakaitenga kinesini kutoka katika neva hizo za ngisi na kuipa jina hilo. Ngisi, jamaa wa wale wanaopikwa Tanga na Unguja, ndiye aliyeonesha jinsi neva zetu zinavyojilisha.

Kilichobaki kilikuwa kuutambua mzigo mmoja kati ya mingi, na msaada ukatoka tena baharini. Yavuyavu mmoja, ambaye wengine humwita konyeza, ana protini inayong'ara kijani ikimulikwa. Osamu Shimomura aliieleza mwaka 1962. Martin Chalfie alionesha mwaka 1994 kwamba jeni yake inaweza kuwekwa ndani ya kiumbe kingine ikang'ara humo. Roger Tsien akaiboresha na kuipa rangi nyingine. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2008. Leo mtafiti huiunganisha protini hiyo na mitokondria peke yake, au na laisosomu peke yake, kisha hutazama chini ya hadubini seli ya neva inayoishi katika chombo chenye joto la mwili. Hupiga picha moja kila sekunde moja au mbili kwa dakika kadhaa. Halafu hufanya jambo rahisi na la busara: huikata aksoni kutoka katika kila picha kama utepe mwembamba, na kuzipanga tepe hizo moja chini ya nyingine kwa kufuata saa. Oganeli iliyosimama huchora mstari wima. Inayotembea huchora mstari wa mshazari, na kadiri mstari unavyolala ndivyo mwendo ulivyo wa kasi. Iliyogeuka njiani huacha kona. Jani la mfonguni limeandika njia yake lenyewe.

Kilichoonekana hakikuwa kile kilichotarajiwa na wengi. Mtu angedhani kwamba katika seli yenye afya kila kitu kinakimbia, na kwamba kusimama ni ugonjwa. Kumbe katika seli zinazooteshwa maabara, mitokondria nyingi huwa zimesimama wakati wowote unapozitazama, nazo zimesimama kwa sababu. Madini ya kalsiamu yakipanda mahali penye kazi nyingi, protini iitwayo Miro, inayoziunganisha na wapagazi, huyahisi, na mitokondria hutua hapohapo zitoe nguvu. Kisha mwaka 2011 maabara ya Thomas Schwarz nchini Marekani ilionesha jambo linalogusa moja kwa moja ugonjwa wa kutetemeka. Jeni mbili, PINK1 na Parkin, ambazo zikiharibika huleta Parkinson inayoanza mapema, zina kazi ya kusimamisha mitokondria iliyoharibika: huiondoa Miro, mzigo ukakatika kutoka kwa mpagazi, na mitokondria hiyo ikabaki pale ingoje kuondolewa badala ya kusambaza uharibifu wake njia nzima. Kwa hiyo kuna kusimama kwa kazi, kusimama kwa karantini, na kusimama kwa mkwamo. Katika kipande cha neva kilichokufa, kusimama kwa namna zote tatu ni nukta moja ya rangi ileile. Tofauti yake ni ya wakati, na wakati hauonekani ila katika kitu kilicho hai.

Sasa turudi kwa mzee anayetetemeka. Seli zinazokufa katika Parkinson ni zile zinazotengeneza dopamini katika sehemu ndogo nyeusi ya ubongo wa kati. Ubongo una aina nyingi za seli, na watu wamejiuliza kwa nini hizi hasa. Jibu moja, ambalo kwangu lina nguvu, liko katika matawi yao. Mwaka 2009 watafiti wa Japani waliifuata aksoni ya seli moja moja ya aina hii katika ubongo wa panya, wakakuta kwamba matawi yake yote yakijumlishwa hukaribia nusu mita kwa wastani, ndani ya kichwa cha panya. Kwa binadamu inakadiriwa kwamba jumla hiyo hupita mita 4 kwa seli moja. Huo ni mfongo mmoja wenye michepuko isiyo na idadi, na kila mchepuko unataka mitokondria zake, protini zake na wa kuondoa taka zake. Mfumo wa namna hiyo hauhitaji ajali kubwa. Upungufu mdogo wa usafirishaji ukidumu miaka unatosha. Na inalingana na hali kwamba dalili zinapomtokea mgonjwa, hasara katika ncha za aksoni huwa kubwa kuliko hasara katika miili ya seli. Ugonjwa huonekana kuanzia vihambani na kupanda kuelekea chanzo cha maji.

Mtu makini atapinga. Kwanza atasema kwamba seli iliyooteshwa kwenye kioo si ubongo wa mtu. Hilo ni kweli, na waliolithibitisha ni watazamaji wa seli hai wenyewe. Walipopata hadubini zinazoweza kuona ndani ya ubongo wa panya aliye hai, mnamo mwaka 2016 waliripoti kwamba katika aksoni zilizokomaa za gamba la ubongo mitokondria hutembea kidogo sana kuliko katika seli changa za maabara. Baadhi ya hesabu za zamani zilibidi zisomwe upya. Sioni hapo kushindwa kwa njia hii. Naona njia inayoweza kujisahihisha. Tena, tangu Shinya Yamanaka aoneshe mwaka 2006 kwa panya na mwaka 2007 kwa binadamu kwamba seli za ngozi zinaweza kurudishwa kwenye hali ya uchanga na kuelekezwa upya, seli za neva zenye jeni za mgonjwa mwenyewe huweza kuoteshwa na kutazamwa bila kumgusa kichwa. Atasema pia kwamba mwanga wa hadubini huziumiza seli, na huenda mkwamo unaoonekana umeletwa na kutazamwa. Hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu watafiti waangalifu hupunguza mwanga, hufupisha muda, na huweka pembeni seli zenye afya zilizomulikwa kwa kiasi kilekile wazilinganishe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: pengine usafirishaji hukwama kwa sababu seli inakufa, wala si kwamba seli inakufa kwa sababu usafirishaji umekwama. Filamu peke yake haiwezi kulimaliza swali hilo, na anayedai kwamba inaweza anapita kiasi. Lakini zipo familia chache duniani zenye maradhi adimu yaitwayo ugonjwa wa Perry, ambayo dalili zake hufanana na za Parkinson na huambatana na kupungua uzito na shida ya kupumua. Mwaka 2009 chanzo chake kilipatikana katika jeni ya dainaktini, msaidizi wa dainini katika kubeba mizigo ya kurudi. Humo hakuna utata wa nani alitangulia: kilichozaliwa na kasoro ni upagazi wenyewe, na seli za dopamini ni miongoni mwa zilizokufa baadaye. Hii haithibitishi kwamba kila mzee anayetetemeka Hai ana tatizo hilohilo. Inathibitisha kwamba usafirishaji ukiharibika, hilo peke yake linatosha kuleta ugonjwa wa sura hii, na kwamba kuutafuta mkwamo kwa wengine si kubahatisha.

Kisha kuna pingamizi la mtu wa Machame mwenyewe. Atasema: mnaongea habari za ngisi na yavuyavu, na mzee wetu hana kidonge. Ana haki. Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, haipatikani kwa urahisi katika zahanati nyingi za vijijini, na mgonjwa ambaye hajaambiwa jina la ugonjwa wake hana namna ya kuiomba. Kazi ya kumtafuta, kumpima na kumpa dawa ndiyo ya kwanza, na kama ingebidi kuchagua kati ya hadubini moja na dawa za wilaya nzima, ningechagua dawa. Hata hivyo tuangalie kidonge chenyewe kilitoka wapi. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa levodopa sungura waliokuwa wameishiwa nguvu ya kusogea, wakaamka. Aliyeona sungura hao siku ile angeweza vilevile kuuliza wana faida gani kwa mgonjwa. Na kidonge hicho, kwa wema wake wote, ni maji ya ndoo yanayopelekwa kwenye kihamba kilichokauka: huleta dopamini pale inapopungua, lakini huuacha mfongo ulivyo, na matawi huendelea kukauka. Ndivyo ilivyo kwa upupu pia, mmea uleule wenye manyoya yanayowasha, ambao mbegu zake zina levodopa ya asili. Jaribio lililofanyika Bolivia na kuchapishwa mwaka 2017 lilionesha kwamba unga wa mbegu hizo zilizokaangwa hupunguza dalili. Hiyo ni habari njema kwa nchi zisizo na fedha, ingawa kiasi cha dawa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu na si jambo la mtu kujipimia jikoni. Dawa ya kuzuia ugonjwa usiendelee bado haipo, na atakayeitafuta atahitaji njia ya kuona kama inauzibua mfongo, kabla ya seli kufa, na kwa siku badala ya miaka.

Ninayo sababu nyingine ya kutokubali kwamba kazi hii ni ya watu wa mbali. Mwaka 2023 timu ya watafiti wa Nijeria, Uingereza na Marekani ilitangaza kwamba imepata katika watu wenye asili ya Afrika badiliko la jeni ya GBA1 linaloongeza uwezekano wa kupata Parkinson, badiliko lisilo miongoni mwa yale yaliyozoeleka katika jeni hiyo kwa watu wa Ulaya. GBA1 ni jeni ya kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya laisosomu, oganeli zilezile za kuvunja taka za seli. Tanzania imo katika mradi wa nchi saba za Afrika, TraPCAf, unaokusanya habari za wagonjwa na sampuli za jeni zao, na Richard Walker, yule wa utafiti wa Hai, ni mmoja wa viongozi wake. Badiliko hilo haliko katika sehemu ya jeni inayoandika umbo la kimeng'enya. Linahusiana na kupungua kwa kazi yake. Kwa hiyo kipande cha ubongo kilichohifadhiwa kinaweza kuonesha kwamba kimeng'enya ni kichache. Lakini ili kujua kama uchache huo huzichelewesha laisosomu njiani, huzirundika kwenye michepuko ya mwisho, au huziacha zitembee kama kawaida huku hazivunji kitu, itabidi kuoteshwe seli za neva kutoka ngozi ya mtu mwenye badiliko hilo, laisosomu zake zitiwe rangi, na mtu akae azitazame zikipita.